Alama Namba 31

Jumatatu, 3 Machi. Kipimo cha darajani: mita 1.9

Mstari wa mafuriko utakuwa tayari kabla ya mwezi huu kwisha, amesema mkuu wa kitengo cha ramani, saa nne na robo asubuhi, akiwa amesimama mbele ya ramani ya mji yenye ukubwa wa kitanda. Nyumba zitakazoangukia ndani ya mstari zitahamishwa kabla mto haujafura. "Za nje zinabaki," amesema. "Hakuna haja ya kusumbuana."

Mimi sikutumwa kufuata mto. Mhariri ananitaka niandike makala sita kwa ukurasa wa vijana, juu ya kazi za ramani na picha za setilaiti, ili watoto wanaomaliza shule wajue kwamba riziki haiko kwenye udaktari na uanasheria peke yake. "Mafuriko waachie wenye magoti," aliniambia. Nina miaka thelathini na minne kazini na magoti mawili mabovu. Sikubisha.

Kitengo ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu, juu ya idara ya maji. Kompyuta nne, moja imekufa na imegeuzwa meza ya chai. Watu ni watatu. Mkuu. Mzee mpimaji anayeitwa Kigingi, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Na binti wa mkataba anayeitwa Mistari, kwa kuwa kutwa nzima anachora mistari.

Jumatano, 5 Machi. 1.9

Mistari amenifundisha kazi. Shamba lenye afya linaonekana jekundu kwenye picha yake, lililokauka linakuwa la kijivu. "Wakubwa wakitaka kujua mahindi ya mwaka huu yatatosha, hawaendi shambani, wanakuja kwangu," amesema. Anapima misitu inayokatwa, anatafuta bomba linalovuja kwa kuangalia majani yanayostawi pasipostahili, anahesabu mapaa ya nyumba ili zahanati ijengwe penye watu.

Mstari wa mafuriko anauchora hivi. Kuna faili la miinuko, lililopigwa na setilaiti ya rada miaka kumi na moja iliyopita. Kila baada ya hatua thelathini kuna namba: ardhi hapa iko mita kadhaa juu ya sifuri ya kipimo cha darajani. Anaiambia kompyuta maji yakifika mita sita, nayo inapaka buluu kila kilicho chini ya hapo. "Ni kama kumwaga maji kwenye sinia lililobonyea," amesema. "Unaangalia yanapotuama."

Alisoma jiografia miaka mitatu, akakaa nyumbani mwaka mzima. Mkataba wake unakwisha tarehe 30 Juni. "Hilo nalo uliandike, mwandishi. Watoto wasije wakadhani tunalala kwenye manyoya."

Jumapili, 9 Machi. 2.0

Chakula cha mchana kwa dada yangu. Yeye na mumewe walijenga miaka mitano iliyopita kwenye mtaa mpya wanaouita wa visiki. Ukichimba choo unakutana na kisiki. Ukichimba msingi, kisiki. Shemeji ni fundi cherehani, mguu wake wa kushoto umekauka tangu utotoni, na mdomo wake unafanya kazi ya miguu yote miwili.

"Karibu, mwongo wa serikali," amenipokea. "Leo umekuja na habari au umekuja na njaa?"

"Vyote viwili, shemeji."

Dada amekwisha kufunga mizigo mitatu. Anataka wahamie kwa mwanawe, upande wa juu wa mji, mpaka mvua ipite. Uani kwake hapakauki hata kiangazi. Ameniomba nimletee jibu kutoka kule ofisini: wamo au hawamo.

"Mimi jibu ninalo," shemeji amesema. "Vyura wananiimbia chini ya kitanda. Nikizima taa wanaanza. Hata mahari hawajalipa, wamekwisha hamia."

Jumatano, 12 Machi. 2.3

Mvua ya kwanza, saa tisa hadi saa kumi na moja.

Jumatatu, 17 Machi. 2.6

Nimeshinda na Kigingi. Ana alama arobaini za kuhakiki: anasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, mimi nashika fimbo yenye namba, anasoma, anaandika kwenye kitabu chake cha kijani. Namba zake zikikaribiana na za setilaiti, faili ni zuri. Alama zilipangwa na kompyuta, karibu zote pembezoni mwa mstari. Moja tu imeangukia mtaa wa visiki. Ni namba 31, mwisho wa kichochoro cha dada yangu.

Amesoma. Mita 3.4.

"Shuka na fimbo, urudi, uisimamishe tena," ameniambia. Nimeisimamisha tena. 3.4.

"Hapa palikuwa dimbwi," amesema akifunga darubini. "Manispaa walipanda mikaratusi ili inywe maji. Msitu mzima. Ukapanda, ukawa mrefu, wakaukata, wakauza viwanja." Nimeandika kwa ajili ya makala, wasomaji wanapenda habari za kale.

Ijumaa, 21 Machi. 2.9

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Mistari ameingiza namba za Kigingi. Alama thelathini na tisa zinapishana na setilaiti kwa chini ya mita moja na nusu. Namba 31 inapishana kwa mita 9.2: Kigingi anasema 3.4, setilaiti inasema 12.6. Kompyuta imeitia rangi nyekundu.

Mistari amemwita Mkuu. Mkuu ameinama, ametazama, amecheka. "Mzee amesoma fimbo kichwa chini. Futa hiyo."

"Nimuulize kwanza?"

"Mita tisa, binti yangu. Hata mlevi hakosei mita tisa. Ni kosa la kuandika. Futa, twende mbele."

Mistari amefuta. Kigingi alikuwa benki. Nami nilicheka, maana fimbo nilishika mimi, nikasema labda niliishika kama mwavuli. Mkuu alicheka zaidi.

Jumatatu, 24 Machi. 3.1

Nimepita kwa dada. Nimemwambia: mko nje ya mstari, tena mbali, mita sita na ushei juu yake. Nilisema nimeiona kwa macho yangu kwenye kompyuta, na ni kweli niliiona.

"Uko na hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika."

Amefungua mizigo. Shemeji alikuwa anashona sare za shule. "Kwa hiyo mimi niko kilimani," amesema. "Ndiyo maana napungukiwa pumzi."

"Kompyuta ndivyo inavyosema."

"Na vyura je? Vyura wa kilimani hao, shemeji? Wamepanda kwa ngazi?"

Tumecheka sote. Dada amepika tena chai.

Jumatatu, 31 Machi. 3.0

Ramani imetiwa saini. Nyumba 1,140 zimo ndani. Gazeti litaichapa kesho, ukurasa wa kwanza, rangi mbili. Mhariri amenipigia kunishukuru kwa kuipata kabla ya wengine.

Alhamisi, 3 Aprili. 3.6

Malori yanahamisha watu. Polisi wanasimamia. Mwanamke mmoja amekataa kuacha mlango wake, wameung'oa, wamempakia nao.

Makala ya Mistari imetoka, na picha yake. Ameibandika ukutani, kisha ameibandua. Amesema anafanana na mtu anayetafutwa.

Jumatatu, 7 Aprili. 4.1

Mvua siku ya nne mfululizo. Mawingu yamefunika kila kitu na picha za kawaida ni nyeupe tupu. Imebaki rada tu, inayopenya mawingu. Kwenye rada maji huonekana meusi.

Jumatano, 9 Aprili. 4.4

Mistari amenivuta mkono saa nane mchana na kunikalisha mbele ya kompyuta yake. Alikuwa anatafuta picha za zamani za mto. Amepata moja ya mwaka uleule wa faili la miinuko. Mahali pa mtaa wa visiki pana msitu, mwekundu kwa afya, kingo zake zimenyooka.

Ameweka faili la miinuko juu ya picha. Kilima chote cha mtaa wa visiki kina umbo la msitu ule, kona kwa kona.

"Hakuna kilima," amesema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Rada iligonga vilele vya miti, ikarudi. Imepima mikaratusi. Mzee hakukosea."

Miti imekatwa miaka sita iliyopita. Kwenye faili bado imesimama. Mita 12.6 ni urefu wa ardhi pamoja na miti. Toa miti, inabaki 3.4. Juu yake leo zimesimama nyumba 212.

Ameenda kwa Mkuu. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

"Ramani ina saini, binti."

"Tuongeze tu mtaa mmoja, Mkuu."

"Ukiongeza mmoja, wale wa nyumba elfu moja na ushei tuliowang'oa wataniuliza mingine nimekosea mingapi. Kamati ya maafa inakaa Jumatatu. Andaa karatasi mbili, nitapeleka mwenyewe."

"Mto uko nne nukta nne. Unazuiwa na tuta tu, na tuta ni mita tano."

"Najua kusoma kipimo."

Nimempigia mhariri. Ameuliza kama Mkuu amethibitisha. Hapana. Kama nina karatasi yenye saini. Hapana. "Basi tusubiri kikao cha Jumatatu," amesema. "Tusije tukaleta taharuki kwa maneno ya mtu wa mkataba." Nimekubali. Katika miaka thelathini na minne nimewafundisha vijana wengi sheria hiyohiyo.

Alhamisi, 10 Aprili. 4.6

Kwa dada, saa tisa alasiri. Nimewaambia nilikosea, wahame leo.

Shemeji hakuinua macho kwenye cherehani. "Wiki mbili zilizopita nilikuwa kilimani. Leo nimeshuka. Kesho nitakuwa wapi, mwezini?"

"Ni miti, shemeji. Walipima miti."

"Miti gani? Iko wapi?"

Nilimwonyesha visiki nje. Nilieleza. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema sare za darasa zima zinatakiwa Jumamosi asubuhi, ameahidi, na mimi ndiye niliyemwambia apokee kazi hiyo kwa kuwa haendi popote. Kweli nilimwambia.

Tumekubaliana hivi: dada aondoke kesho asubuhi na mizigo ya kwanza, shemeji amalizie mashati, gari limfuate saa nane mchana.

Nimegonga nyumba kumi na moja za kichochoro kile. Wanne walinionyesha gazeti langu mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili. 4.7 saa kumi na mbili asubuhi, 5.3 saa tano

Saa nne na dakika kumi, kituo cha kipimo cha upande wa juu wa mto kilitoa taarifa kwamba wimbi kubwa limepita hapo likielekea mjini. Saa nne na dakika kumi na mbili, ujumbe wa tahadhari ulitumwa kwenye simu zote zilizosajiliwa ndani ya mstari. Nyingi za simu hizo zilikuwa kwenye mahema ya waliohamishwa, upande wa juu wa mji, pakavu. Simu za mtaa wa visiki hazikupokea kitu.

Mistari alisimama katikati ya chumba akapiga kelele: "Waongezeni wa visiki! Namba zao ninazo!" Orodha ilihitaji neno la siri la Mkuu, na Mkuu alikuwa darajani na viongozi. Alimpigia mara tisa. Nilihesabu.

Mimi nilimpigia shemeji. Alipokea mara moja.

"Shemeji, ondoka sasa hivi. Acha kila kitu."

"Yamefika mlangoni," alisema. "Yanaingia kwa adabu, yamevua viatu."

"Panda juu ya meza ya kukatia. Gari linakuja."

"Vyura wamenyamaza," alisema. "Ajabu, eh? Ndiyo kwanza wamepata…"

Ikakatika saa nne na dakika arobaini. Niliandika saa kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi.

Kigingi aliondoka ofisini bila kuaga, akachukua boti ya idara ya maji na dereva wake. Walitoa watu ishirini na sita juu ya mapaa. Kichochoro cha dada yangu hawakukifikia. Maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi na nyaya za umeme zilikuwa zimelala juu yake.

Dada alikuwa kwa mwanawe tangu saa mbili asubuhi. Nilikwenda kumwambia kwamba bado hatujui. Alikuwa anatandika kitanda cha pili.

Jumamosi, 12 Aprili. 5.1

Picha ya rada ya alfajiri imeingia saa tatu. Mtaa wa visiki ni doa jeusi. Mistari ameweka juu yake mpaka wa ule msitu wa miaka kumi na moja iliyopita. Vimelingana. Amezima kioo, amekwenda dirishani.

Jumapili, 13 Aprili. 4.2

Shemeji amepatikana saa sita mchana, nyumba ya tatu kutoka kwake, nyuma ya ukuta. Nimemtambua kwa mguu. Dada ametaka kujua kama alikuwa amevaa viatu. Hakuwa navyo.

Jumatatu, 14 Aprili. 3.9

Tumezika. Kamati imekaa. Karatasi mbili za Mistari hazikuwa kwenye ajenda.

Alhamisi, 17 Aprili. 3.5

Idadi ya waliokufa kufikia leo, kwa mujibu wa mganga mkuu: kumi na tisa, wote mtaa wa visiki. Ndani ya mstari hakufa mtu. Mkuu ameitaja sentensi hiyo ya pili mbele ya waandishi, mara mbili.

Jumanne, 22 Aprili. 3.0

Taarifa ya Mkuu kwa tume ya uchunguzi imesambazwa. Inasema alama za kuhakiki zilikuwa thelathini na tisa, na kwamba mpimaji hakupima ndani ya mtaa ulioathirika ingawa alielekezwa. Kigingi amesimamishwa kazi. Kitabu chake cha kijani alikikabidhi tarehe 21 Machi, asubuhi. Leo kabatini hakipo.

Nimemkuta kwake, anapaka mafuta darubini yake ya zamani.

"Ulishika fimbo wewe," amesema. "Ilisoma ngapi?"

"Tatu nukta nne. Mara mbili."

"Basi tuko wawili tunaojua kusoma."

Jumatatu, 28 Aprili. 2.7

Mistari amekuja nyumbani kwangu saa kumi jioni. Hakutaka kukaa.

"Ile siku ya namba 31, uliandika?"

"Niliandika."

Nimempa daftari hili, limefunguliwa pale. Amesoma amesimama.

"Hapa umeandika nilifuta mimi."

"Ulifuta wewe."

"Mkuu aliniambia."

"Hilo nalo limo, mstari wa juu yake. Na uliuliza kama umuulize mzee kwanza. Nalo limo."

Amesoma tena. Amesema Mkuu amemwita asubuhi na kumwambia kuna nafasi ya kudumu, kuanzia Julai, kama atakumbuka alama thelathini na tisa tu. Mama yake anajua habari ya nafasi. Habari nyingine haijui.

"Usipolipeleka hili," amesema, "itakuwa neno la mzee dhidi ya la Mkuu, na mimi nitaulizwa katikati."

"Ndiyo."

"Na ukilipeleka, nitaulizwa vilevile."

"Ndiyo. Ila jibu litakuwa limekwisha andikwa."

Amenirudishia daftari. Mlangoni amesema kwamba nakala ya kwanza ya faili, kabla ya kufutwa, ingekuwa kwenye diski ya akiba, mle walimokuwa wakihifadhi kila Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Namba 31 iliingizwa baada ya hapo. Kwa hiyo haimo. Alikuwa ameangalia tayari.

Ijumaa, 2 Mei. 2.4

Mhariri amefuta makala mbili zilizobaki za ukurasa wa vijana. Barua za wanafunzi zimefika kumi na saba. Wanauliza wasome masomo gani ili wawe kama yule dada wa kwenye picha.

Jumanne, 6 Mei. 2.2

Tume imeniita kwa barua. Natakiwa nifike na daftari zima, lisiloondolewa ukurasa wowote. Mwanasheria wa gazeti ameshauri nipeleke nakala ya tarehe 21 Machi peke yake. "Kurasa nyingine zinakugusa wewe," amesema. "Kicheko chako. Na yale ya dada yako."

Ijumaa, 9 Mei. 2.1

Kwa dada. Bado yuko kwa mwanawe. Cherehani imeletwa, imepata kutu, ameifunika kwa moja ya mashati ya sare. Nimemweleza juu ya tume.

Aliliweka sawa shati juu ya cherehani. Kisha akauliza: "Na siku ile uliponiambia nifungue mizigo, uliiandika?"

"Tarehe 24 Machi."

"Na ulivyosema una hakika?"

"Limo."

"Na vyura wake?"

"Wamo."

Aliinuka, akaenda kuchota maji, akarudi.

"Basi usiende na karatasi moja," alisema. "Yasome yote. Na hayo yangu uyasome kwa sauti, mimi nitakuwa nimekaa nyuma."

Jumanne, 13 Mei. 2.0

Hakuna mvua siku ya kumi. Mistari ametuma ujumbe wa maneno mawili: "Zilikuwa arobaini." Hakusema kama atasema hivyo kesho.

Tume inakaa Jumatano, 14 Mei, saa tatu asubuhi, ukumbi wa chini wa idara ya maji. Shahidi wa kwanza ni Mkuu. Wa pili, Mistari. Mimi ni wa tatu.